Nani Amemwona Mtu Akijitunza Ngomani?

Mwaka jana nilialikwa kwenye mafunzo ya siku moja ya wanawake hapa Kibiti. Mwezeshaji alikuwa binti mdogo mwenye adabu, aliyetoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, na mada yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: KUJITUNZA. Alieleza vizuri. Mwanamke ajipende, ajisikilize, ajipumzishe, ajipongeze, ajitengee muda. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ugonjwa wa kuhesabu viambishi haustaafu pamoja na mtu. Kabla ya chai nilikwisha kuhesabu -ji- ishirini na tatu. Alipouliza kama kuna swali, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, ukili mapajani na vidole vikiendelea kusuka, akasema:

“Mwanangu, hapo kwenye kujitunza ndipo sijapaelewa. Mimi tangu nizaliwe sijamwona mtu akijitunza. Mtu hutunzwa.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti naye akacheka, lakini niliona kwamba hakujua wenzake wanacheka nini.

Kwa msomaji asiyekulia pwani, nieleze. Mwali akitolewa nje, au bibi harusi akichezewa, au mwimbaji wa taarabu akipagusa mahali penye kidonda, mtu huinuka na noti yake, akaibandika kwenye paji la uso la mwenye siku yake au akamtia mkononi. Huko ndiko kutunza, jamaa ya tuza na tuzo. Achezaye hawezi kuchomoa noti kifuani mwake mwenyewe akajibandika usoni. Atachekwa mpaka kijiji cha pili. Kamusi hutanguliza ile maana nyingine, ya kutunza mtoto, mgonjwa au shamba, kisha ndiyo ikaleta hii ya ngomani. Kwa bibi yule maana hizo hazikuwa mbili. Kumlea mtu na kumwinukia mbele ya watu ni tendo moja, na tendo hilo lina mtendaji na mtendwa, nao hawawi mtu mmoja.

Sina ugomvi na binti yule. Alitumwa na neno, nalo neno lilimfikia likiwa limekwisha kukatwa na kushonwa kwingine. Ugomvi wangu ni na sisi, wapenzi wa lugha na watunzi wa mashairi, ambao tumeliacha neno hilo lipite bila kuliuliza linatoka wapi na linaondoka na nini. Kiswahili kina kauli ya kutendana. Tunazikana, tunauguzana, tunasukana nywele, tunapokezana watoto. Anapokuja mtu na kumwambia mwanamke aliyeelemewa kwamba dawa yake ni -ji-, amemwongezea kazi nyingine juu ya zile alizonazo, na safari hii hana wa kumsaidia, maana mwenyewe ndiye mtenda na mwenyewe ndiye mtendwa.

Na kazi alizonazo si chache. Wilaya hii ilimegwa kutoka Rufiji, na msomaji wa mbali huenda anaijua kwa mambo mawili tu. La kwanza ni mauaji yaliyofikia kilele mwaka 2017, viongozi wa vijiji na vitongoji wakiuawa mmoja baada ya mwingine, na askari polisi wanane wakauawa kwa siku moja, Aprili 13. La pili ni mafuriko ya mwaka 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba Kibiti na Rufiji, watu wakaokoa roho na magodoro. Habari za magazeti zilihesabu maiti na ekari. Hazikuhesabu wanawake waliokaa eda katika mwaka ule wa kwanza, kipindi ambacho pikipiki hazikuruhusiwa kutembea baada ya saa kumi na mbili jioni, na matanga, ambayo tangu zamani wanawake hulala kwa wafiwa, yakawa yanavunjwa alasiri ili kila mtu awahi kwake kabla ya giza. Mfiwa akabaki na watoto wake na usiku wake. Ninaamini kwamba mengi tunayoyaona leo kwa wanawake wa umri fulani hapa kwetu, kushtuka, kukosa usingizi, kuumwa kichwa kisichoonekana hospitalini, yalianza katika nyusiku zile ambazo desturi yetu ya kulala pamoja ilikatizwa.

Juu ya hayo kuna ya kila siku, yasiyoandikwa na gazeti. Binti yuko Dar es Salaam anafanya kazi za watu, wanawe wako kwa bibi. Mume yuko kwenye korosho za wengine au hajulikani aliko. Simu inalia, na anayepiga si mtoto bali ni mdai, kwa kuwa siku hizi tuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina, kausha damu. Mshairi gani angebuni sitiari kali kuliko hiyo? Imebuniwa sokoni, na wanaoilipa.

Wanawake hawa wakienda zahanati huulizwa wana nini. Wataalamu wetu wamejitahidi: wametupa msongo wa mawazo na wamelifufua neno zuri la zamani, sonona. Msongo ni chaguo la busara kuliko walivyojua. Kitenzi chake, songa, ndicho tunachotumia kwa ugali, kwa kubana kitu mpaka kikose nafasi, na wazee wetu walikitumia hata kwa nywele. Lakini katika miaka yangu yote sijamsikia mwanamke wa Kibiti akimwambia jirani yake, “Nina msongo wa mawazo.” Anasema, “Nina mawazo.” Basi. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu kwenye insha ya msichana mmoja, nikaandika pembeni, “Kila mtu ana mawazo. Fafanua.” Alikuwa amefafanua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili la kusema na kusikia, kwa kuwa naona ndipo lugha yetu inapobana na ndipo inapofungua. Tazameni salamu zetu. Hujambo ni swali linalotaka kukanushwa: je, huna jambo? Na jibu lake, sijambo, ni kanusho tupu. Mama aliyelala njaa husema hajambo. Aliyepigwa usiku husema hajambo. Shikamoo haikuulizi habari kabisa, na habari za nyumbani jibu lake limekwisha kuandikwa kabla hujafumbua kinywa: nzuri. Mgeni anaweza kusema kwamba sisi ni watu wa kuficha. Lakini wenye lugha wamejitobolea upenyo, na upenyo huo ni neno la herufi tatu: ila.

“Sijambo, ila kichwa.”

“Nzuri, mwenzangu, ila hivi usingizi.”

“Wazima wote, ila huyu baba yao.”

Adabu imetimizwa kwanza, kisha ukweli ukapitishwa mlango wa uani. Nawakumbusha pia kwamba ila ni nomino, yenye maana ya kasoro; twasema mtu hana ila. Basi mwanamke anaposema “ila” anaunganisha sentensi na papo hapo anaionesha kasoro yake. Hapo ndipo msikilizaji hupimwa. Asiyejali huiruka ila kama mtu arukavyo dimbwi, akauliza habari za mvua. Anayejua husogea kwenye mkeka, akauliza, “Ila nini?” na asiongeze neno. Nimesoma miongozo kadhaa ya ushauri nasaha tangu nistaafu. Hakuna uliowahi kunifundisha kitu ambacho maneno hayo mawili hayakuwa nacho.

Hapa lazima nikiri la kwangu. Mwaka 1994, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu mwenzangu wa Jiografia alinijia nyumbani jioni moja. Tulisalimiana. “Salama, Mwalimu,” akasema, “ila mambo ya nyumbani yananishinda.” Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamwambia, bila hata kuweka kalamu chini, “Vumilia mwenzangu, ndoa ndivyo zilivyo.” Akasema ahsante. Akanywa chai yake, tukazungumza habari za mitihani, akaondoka, na hakunieleza tena lolote mpaka alipohama mihula miwili baadaye. Nilikuja kuambiwa na mtu mwingine kwamba siku ile aliponijia alikuwa na miezi mitatu akilala jikoni na wanawe.

Nimelifikiria sana neno lile nililompa. Vumilia ni amri. Msemaji hayumo ndani yake. Amesimama nje ya tatizo na anamwelekeza mwenzake abaki ndani. Ukilitia katika kauli ya kutendana, kuvumiliana, linakuwa kitu kingine, watu wawili kuchukuliana tabia. Haliwezi kamwe kumaanisha kwamba nami nitalibeba pamoja nawe. Na bado ndilo neno tunaloligawa kwa wingi kuliko yote, kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye mashairi.

Kwenye mashairi hasa. Kila Machi 8, na kila Jumapili ya pili ya Mei, tunapata mvua ya beti za kumsifu mama, na mama wa beti hizo daima ni mvumilivu. Anabeba bila kuchoka, analia bila sauti, ananyimwa na anagawa. Nimetunga hizo mimi, nimezifundisha, nimezipa alama. Sasa nashuku kwamba nusu ya uvumilivu wa mama katika ushairi wetu umeletwa na kina. Vumilia ni rahisi mno: linakubaliana na kulia, na dunia, na tulia, na jalia, na tunamalizia ubeti tukiwa bado tunapiga mwayo. Mtunzi anapata mizani yake kumi na sita, na mama anapata mwaka mwingine wa kubeba.

Watu wataniambia kwamba hata Mwana Kupona binti Mshamu alimhimiza binti yake utii na subira. Kweli. Utendi ule uliotungwa yapata mwaka 1858 una mashauri mengi ambayo nisingempa mjukuu wangu. Lakini usomeni kwa kuangalia nani anasema na akiwa katika hali gani. Ni mjane, ni mgonjwa, anajua hatakaa sana, na ameagiza karatasi na wino ili akae na binti yake, Mwana Hashima, kwa namna pekee aliyobakiwa nayo. Hafichi kwamba anaumwa. Dua zake za kuomba afueni zimo humo humo ndani ya utendi, na mwishoni anawaita wanawake wengine nao wausome. Shule ilinifundisha kuuita utendi wa maadili, nami nikawafundisha wengine vivyo hivyo. Siku hizi nauona kwanza kuwa ni ila ndefu ya mwanamke mmoja kwa mwingine.

Wala msidhani kutendana ni jambo la machozi tu. Mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa hotuba za uwanjani. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alipita kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambako wanawake walikuwa tayari wanajuana kwa harusi na kwa misiba. Chama kilikuta kazi ya kuwaunganisha imekwisha kufanywa, na ngoma. Bibi huyo baadaye alikuwa mbunge wa Rufiji, wakati Kibiti ikiwa ndani yake, hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Na lugha nayo imefanya hivyo hivyo kwa mambo mageni. Upatu ulikuwa sahani ya shaba kabla ya kuwa mchezo wa kupokezana fedha. Vikoba vilikuja na jina la kifupisho cha Kiingereza, katika ukoo wa mpango wa akiba ulioanzia Niger mwaka 1991, lakini masikio yetu yalisikia vikoba, yaani mikoba midogo, na kesho yake tukawa na kikoba chetu. Neno lililopokelewa namna hiyo limepata wazazi. Kujitunza bado ni mtoto wa kufikia.

Hata hivyo nisiwadanganye kwa kuupaka udugu wa wanawake hina na udi. Nina jirani, mwalimu kijana aliyepangiwa kazi hapa kutoka Mbeya. Hana shangazi hapa, hana somo. (Neno somo, wasomaji wangu, ni kipindi cha darasani, ni mtu wa jina lako, na ni mwanamke anayekufunda na kukushika mkono, nilifundisha miaka yote hiyo maana ya kwanza pekee.) Zamani angepata shoga, yaani mwanamke mwenziwe wa kufa na kuzikana, lakini neno hilo nalo limepewa maana nyingine mjini na wasichana wanalikwepa; sasa ana besti, na besti yuko kwenye simu. Kijana huyu yumo katika makundi kumi na moja ya michango. Kila Jumamosi kuna sare, kila sare ina bei, na asiyechanga hutajwa. Nilimkuta siku moja amekaa na daftari, anapiga hesabu ya kutunza maarusi asiowajua, na machozi yanamtoka. Siri aliyomwambia mwanamke mmoja Ijumaa aliisikia kisimani Jumapili. Huyu nani atamwambia kwamba -ji- ni kiambishi cha wageni? Nilimwambia mimi mwenyewe: jitoe kwenye makundi tisa. Alijitoa kwenye saba. Usingizi wake ukarudi kidogo.

Kwa hiyo -ji- ina kazi yake, nayo ni kazi ya mlango: kuufunga pale ambapo wenzako wamegeuka wadai. Ninachokataa ni kuifanya nyumba nzima. Mtu akishafunga mlango bado anahitaji mmoja wa kumbishia hodi.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwaka niliostaafu mama yangu alipata kiharusi. Nilikuwa na yeye wa kumgeuza kitandani kila baada ya saa chache, na wajukuu wawili wa kupeleka shule. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa naweka chumvi kwenye chai. Wanawake wa mtaani hawakuja kuniuliza kama nahitaji msaada. Mgonjwa haulizwi uji, na wao waliona kwamba nyumba ile ina wagonjwa wawili. Mmoja alichukua nguo za mama bila kusema neno akazirudisha zimekauka. Mwingine, mchuuzi wa samaki anayeleta kambakochi na pweza kutoka Nyamisati, mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne, alikuja Jumanne na Ijumaa baada ya isha, akatandika mkeka wake kando ya kitanda cha mama. Kauli yake kwangu ilikuwa fupi: “Mwalimu, kalale. Mimi nipo.”

Naomba watunzi waichunguze sentensi hiyo. Haina -ji-. Haina vumilia. Ina amri moja, na mara tu baada ya amri, msemaji anajitia mwenyewe ndani. Mizani yake haijai hata mshororo mmoja, na sijawahi kutunga ubeti ulionifaa kiasi kile. Nililala saa sita mfululizo.

Sisemi tuache kumsifu mama. Nawaomba, mwaka ujao Mei ikifika, mtunge angalau shairi moja ambalo ndani yake mama anasema ila, na mtu anamuuliza ila nini. Vina vitawasumbua, -ila ni kina kigumu, kina mila na hila na halafu jasho linaanza. Sumbukeni. Msiyaguse ya unyagoni, hayo yana wenyewe na hayaandikwi, lakini ya barazani ni yetu sote, na yanapotea kwa sababu hatujawahi kuyaona kuwa ni lugha ya kuandikwa.

Wiki mbili baada ya mafunzo yale, binti mwezeshaji alirudi kufuatilia. Hatukukaa ukumbini; umeme ulikuwa umekatika, tukakaa chini ya mwembe. Bibi wa ukili alimsalimu kwanza, kama desturi, akamuuliza habari za Dar es Salaam.

“Nzuri, bibi,” binti akasema. Akafungua begi lake, akatoa karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika. “Nzuri tu, ila nimechoka.”

Bibi aliweka ukili chini. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili kumwonesha mahali pa kukaa.

“Ila nini, mwanangu?”

Karatasi hazikusomwa siku ile.